Kapsuli ya Shemeji

Jumatatu, 2 Juni

158 kwa 98. Mashine mbovu! Nilimwambia hivyo daktari wa kampuni. Akapima mkono wa pili: 160. Nikamwambia basi huo ndio mkono mbovu, arudi kwenye ule wa kwanza. Hakucheka. Watu wengine wamenyimwa.

Amesema presha yangu si ya kukimbizwa hospitali na king'ora, ni ya kiasi. Lakini mtu mwenye presha ya kiasi haketi mita arobaini na mbili juu ya vichwa vya wenzake akining'iniza tani tatu za nondo. Nimeshushwa kwenye kreni. Ana kwa ana, mbele ya msimamizi! Nitapimwa tena Jumatatu tarehe 14 Julai. Chini ya 140 kwa 90, napanda. Juu ya hapo, nabaki chini moja kwa moja na kiti changu kinakwenda kwa Polepole.

Polepole! Mtu anayenyanyua fungu la nondo kama anahamisha mtoto aliyelala. Miaka kumi na tisa kibanda kile kimekuwa changu. Ndani kuna mto wangu, ndoana ya chupa yangu ya chai, na kioo kidogo cha kunyolea. Leo nimesimama chini na kibendera, nikimwelekeza Polepole kulia na kushoto. Nilitaka kulia. Sikulia, kwa sababu msimamizi alikuwa ananitazama.

Jumanne, 3 Juni

Mama watoto ametuburuta kliniki, mimi na kaka yake. Shemeji naye ana presha: 154 kwa 96. (Mimi namzidi.) Huyu ni mwalimu wa jiografia mstaafu aliyekuja kwetu kukaa wiki mbili paa lake litengenezwe. Huu ni mwezi wake wa saba kwetu. Paa gani hilo, la msikiti mkuu?

Kliniki wanafanya utafiti. Kuna dawa mbili za presha kama zetu, wanataka kujua ipi inashusha vizuri zaidi. Kapsuli zote nyeupe, zote sawa, chupa zote sawa. Wewe hujui umepewa ipi. Sista hajui. Daktari mwenyewe hajui! Kompyuta ndiyo inajua, na imekaa kimya. Nikamuuliza sista, kwa upole kabisa, kama hakuna namna. Akasema baba, hakuna namna.

Tukapewa karatasi tusome halafu tutie sahihi. Kurasa sita! Nikatia sahihi ya kwanza kabisa, yenye mkia mrefu. Shemeji alikwama ukurasa wa kwanza, penye ramani ya kliniki, akimweleza sista kwamba mshale wa kaskazini umeelekezwa pabaya. Mama watoto, ambaye hata si mgonjwa, akaomba nakala yake na akaisoma yote. Mwanamke anapenda kusoma.

Mimi namba 17, Shemeji namba 18. Kapsuli ishirini kila mmoja, moja kila asubuhi, na zitakazobaki zirudishwe zihesabiwe. Chumvi tupunguze.

Alhamisi, 5 Juni

Nyumbani chumvi imepigwa marufuku. Mchuzi wa jana ulikuwa maji ya moto yenye rangi.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Utafiti ni wa dawa, si wa mchuzi. Nikiacha chumvi, watajuaje kama ni dawa iliyofanya kazi au ni mimi? Nitawaharibia hesabu zao. Kwa hiyo, kwa ajili ya sayansi, nimejaza chumvi kwenye kiberiti kitupu na ninakwenda nacho kazini. Chakula cha mchana leo kilikuwa chakula.

Halafu nimefungua kapsuli moja kuichunguza. Unga mweupe. Nikaulamba. Tamu kidogo, basi. Dawa kali ndivyo zilivyo, zinajificha.

Jumanne, 10 Juni

Siku mbaya.

Nilisikia kazini kwamba ule mkanda wa kupimia presha ukiwa mpana kuliko mkono, namba inashuka. Basi nikavaa fulana, shati, sweta na koti, ili sista aone mkono mnene na kuchukua mkanda wa wanene. Jua lilikuwa kali. Nikakaa kwenye benchi dakika arobaini nikitoka jasho hadi kwenye soksi. Sista akaniangalia, akaniuliza kama nina homa, akaniambia vua vyote vya mkono huu baba. Nikavua kitu kimoja kimoja mbele ya foleni nzima. Mzee mmoja alikuwa anahesabu kwa sauti. Mkanda ukawa ule ule mdogo.

160 kwa 99.

Shemeji: 145 kwa 90! Wiki moja tu! Amefika nyumbani akaiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, akaipigia mstari chini, akasogea nyuma kuitazama kama anayetazama picha ya harusi. Halafu akaniambia, shemeji usikate tamaa, miili inatofautiana.

Miili haitofautiani. Dawa ndizo zinatofautiana! Yeye amepewa ile nzuri. Mtu huyu bahati imemzoea. Maisha yake yote akipanga foleni, dirisha jipya linafunguliwa mbele yake.

Jumatano, 11 Juni

Nimefanya.

Shemeji huoga dakika ishirini na tano, akiimba. Chupa zote mbili zinakaa kabatini jikoni, kila moja na namba yake. Sikubadilisha chupa, mimi si mjinga. Nilimwaga zake kwenye kikombe, zangu kwenye chupa yake, zake kwenye chupa yangu. Sekunde arobaini. Alikuwa bado kwenye ubeti wa pili.

Zake zilikuwa kumi na mbili na zangu kumi na moja, kwa sababu ya ile niliyoilamba. Kapsuli moja! Nani atahesabu?

Sina ubaya naye. Yeye hapandi kreni. Yeye anapanda kitanda.

Ijumaa, 13 Juni

Jana mvua ilitunyeshea kazini na kiberiti cha chumvi kikalowa chote. Mama watoto ameuficha mkebe wa chumvi, nimeutafuta hadi juu ya dari. Wiki hii nala kama mgonjwa.

Lakini habari kubwa: kapsuli za Shemeji zinafanya kazi! Karatasi ya dawa inasema moja ya hizo mbili huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na nyingine huleta kikohozi kikavu. Leo vifundo vyangu vimevimba. Nimempigia Mama watoto kelele aje aone. Akaja, akatazama, akasema nimevaa soksi za mtoto. Hata hivyo nimeviona kwa macho yangu vimevimba.

Na Shemeji amekohoa! Mara mbili, mezani. Anasema ni pilipili. Maskini, hajui kilicho tumboni mwake.

Jumanne, 17 Juni

Sijui nianzie wapi.

Sista alihesabu kwanza. Zangu sita zilizobaki, sawasawa, akanisifu. Za Shemeji tano. Akamuuliza kama siku moja alimeza mbili. Shemeji akasimama. Akasema amesahihisha mitihani miaka thelathini na nne na hajawahi kupoteza hata karatasi moja, seuze kapsuli. Sista akasema hamlaumu, anaandika tu. Shemeji akasema ndiyo hiyo hiyo, asiandike. Akaandika. Shemeji akabadilika rangi, mishipa ya shingo ikamtoka. Mimi nikajitia hamnazo, nikasoma bango la chanjo kutoka juu hadi chini.

Halafu akatupima. Yeye: 152 kwa 95. Mimi: 147 kwa 92! Nimeshuka kumi na tatu! Nilikuwa karibu kumkumbatia sista. Nikamwambia ionekane wazi kwamba hii dawa niliyonayo ndiyo yenyewe, na wasinibadilishie.

Sista akasema dawa bado.

Nikasema bado nini.

Akasema bado kuanza. Hizi wiki mbili kapsuli zilikuwa tupu, hazina dawa yoyote, kwa wagonjwa wote. Ndivyo wanavyoanza, waone presha ya mtu ikoje yenyewe na waone nani anafuata maagizo. Dawa tunaanza kesho. Imeandikwa wazi, ukurasa wa nne, na sahihi yako hii hapa baba. Akanionyesha ule mkia.

Kwa hiyo nimeiba unga wa bure kwa mtu na kumpa unga wa bure. Nimepigwa na butwaa hadi nikasahau kofia kwenye benchi. Njiani nikagundua vifundo vimepona.

Nilimuuliza Mama watoto kama alijua. Akasema si ndiyo maana wametupa karatasi tusome. Halafu, tukiwa bado barabarani, akaomba chupa zote mbili mpya na kuzitia kwenye mkoba wake. Kuanzia kesho zinakaa kwenye kopo lake la vifungo, naye atatoa kila asubuhi. Sikumuuliza kwa nini. Kuna maswali ambayo mtu mwenye akili hayaulizi.

Alhamisi, 19 Juni

Utaratibu mpya. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chai mezani, na kando ya kila kikombe kisahani chenye kapsuli moja. Mimi nakaa upande wa mlango. Shemeji anakaa upande wa kalenda. Mama watoto yuko jikoni, mgongo kwetu.

Sasa tufikiri. Zile za mwanzo zote zilikuwa tupu, hazithibitishi kitu. Lakini kuanzia jana ni dawa kweli, na kompyuta imegawa. Je, kompyuta iliyokutana na bahati ya Shemeji itakuwa imempa ipi? Ehee!

Na kila asubuhi, kabla ya kumeza, Shemeji husimama, hugeuka, hukata tarehe ya jana kwenye kalenda kwa ile kalamu nyekundu. Sekunde nne. Miaka kumi na tisa nimehamisha mizigo juu ya vichwa vya watu bila kuitikisa. Kisahani ni kitu gani?

Leo nimejaribu. Kushoto kulia, kulia kushoto. Hata chai haikutikisika. Polepole angechukua nusu saa.

Jumanne, 24 Juni

Hatari! Shemeji ameamka na mgongo, akakaa kwenye kiti kama gogo, hakusimama kukata tarehe. Kapsuli yangu, yaani yake, iko mbele yake. Akainyooshea mkono. Moyo ulinienda mbio (na hiyo nayo haisaidii presha).

Ndipo Mama watoto akasema kutoka jikoni, kaka, hebu chungulia dirishani, nguo zangu zinanyeshewa? Shemeji akajikongoja hadi dirishani. Kushoto kulia, kulia kushoto. Hakukuwa na mvua wala wingu. Lakini kuna wakati mke anakusaidia bila hata kujua. Nimemsifia chai mara tatu.

Jumanne, 1 Julai

Kliniki. Mimi 141 kwa 89. Shemeji 139 kwa 87. Daktari amefurahi, amesema dawa zote mbili ni nzuri na wote tunakwenda vizuri, tuendelee hivyo hivyo. Zingeshindwa wangetuongezea ya pili.

Zote mbili ni nzuri! Hayo ni maneno ya kufariji aliyepewa mbaya.

141. Nahitaji 139. Nukta mbili na siku kumi na tatu. Kazini nimemwona Polepole akipanda ngazi na mto wake mwenyewe. Mpya, wa maua. Akaniuliza kwa heshima kama aushushe ule wangu wa zamani au autupe. Nimemwambia auache ulipo. Nadhani nilipaza sauti, kwa sababu mafundi walisimamisha kazi.

Jumatatu, 7 Julai

Leo Shemeji alikwenda kuona paa lake (bado), tukabaki wawili. Nikamtania Mama watoto kwamba analinda lile kopo la vifungo kuliko benki. Sikutegemea jibu.

Akakaa. Akaniambia baba yao alianguka mezani, saa ya chakula, kijiko mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa anapakua. Presha ya kiasi tu, walimwambia, na alikuwa na vidonge, anameza akikumbuka, siku nyingine anampa jirani. Akasema baba watoto, mimi hiyo meza nimeshaiona mara moja. Sitaki kuiona tena, si kwako wala kwa kaka.

Nilimshika mkono. Nilijisikia vibaya, vibaya kweli, tangu saa nne hadi karibu saa sita. Niliamua kuacha mchezo wa visahani.

Halafu nikafikiri: nikiacha sasa, katikati ya dozi, si ndiyo nitaharibu? Mwili umeshazoea ya Shemeji. Kwa ajili yake mwenyewe Mama watoto, niendelee hadi tarehe 14. Baada ya hapo naacha. Naapa.

Jumatatu, 14 Julai

134 KWA 84!

Daktari wa kampuni alipima mikono yote miwili. Nilimwambia sasa mashine imepona. Leo alicheka kidogo. Ametia sahihi: nipande, nimeze dawa kila siku, nipimwe kila mwezi.

Nimepanda ngazi zote bila kupumzika. (Mara mbili tu.) Mto wa maua nimeukuta kwenye kiti, nimemshushia Polepole kwa ndoana, polepole, kama mtoto aliyelala. Wenzangu wote walipiga makofi, hata yeye. Nikaning'iniza chupa yangu ya chai mahali pake. Upepo ule ule. Hapo nililia. Mita arobaini na mbili juu, hakuna anayekuona.

Nimejaza kiberiti kipya, kidogo tu, cha kesho. Mtu anastahili kusherehekea.

Jumanne, 15 Julai

Kliniki. Mimi 134 kwa 84 tena. Sista akapiga makofi. Shemeji akapimwa baada yangu.

128 kwa 80.

Ameiandika kwenye kalenda. Ameizungushia duara. Amechora hadi miale, kama jua.

Nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata Mama watoto jikoni akiosha vikombe, nikafunga mlango, nikamwambia kwa kunong'ona kwamba anapaswa kujua nani hasa aliyenirudisha kwenye kreni. Si kliniki, ni akili yangu. Nikamweleza visahani vyote, tangu siku ya kwanza, kushoto kulia, sekunde nne.

Hakugeuka. Akasema anajua.

Nikamuuliza anajua nini. Akasema anajua tangu asubuhi ile ya kwanza, aliniona kwenye sufuria alilokuwa amelisugua likang'aa. Siku hiyo alitubadilishia vikombe vya chai kwa kisingizio cha sukari, na visahani vikaenda navyo. Kuanzia siku ya pili akaniwekea ya kaka upande wangu na yangu upande wa kaka, nami kila siku nikazirudisha mahali pake kwa mikono yangu. Kila mtu amemeza yake mwenyewe, siku zote. Alimwambia sista, na sista amesema kwenye utafiti wao hawajawahi kupata mgonjwa anayefuata maagizo hivyo.

Nikamuuliza, na ile siku ya mgongo, nguo na mvua? Akasema nguo alikuwa ameshazianua tangu jana yake.

Nilikaa kwenye kigoda. Halafu akaja akaniwekea mkono begani, akasema mume wangu, umepona kwa dawa yako mwenyewe, ridhika. Na kile kiberiti kilicho mfukoni mwa koti ameshakimwaga.

Nimeridhika. Kabisa. Nimejifunza.

Isipokuwa jambo moja dogo, naliandika hapa lisije likanipotea. Kama mimi nimekuwa nikimeza yangu, basi 134 ni ya kapsuli yangu. Na kama Shemeji amekuwa akimeza yake, basi 128 ni ya kapsuli yake. Tofauti nukta sita! Kwa hiyo yake ndiyo nzuri! Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na hakuna mtu hata mmoja katika nyumba hii aliyenipongeza!

Basi kesho nisiguse visahani. Akivipishanisha kama kawaida, ya Shemeji itakuwa mbele yangu tayari. Lakini sasa anajua kwamba najua. Kwa hiyo ataviweka sawa. Kwa hiyo nihamishe. Lakini hilo nalo atakuwa amelifikiria. Mwanamke huyu angefaa sana kwenye kreni.

Ameniita sasa hivi kutoka jikoni. Anauliza kesho asubuhi ningependa kukaa upande gani wa meza. Nimemjibu upande wowote, mke wangu, mimi ni mtu mzima.

Achague yeye. Nitahamia ule mwingine.